Rwagasore: Mwana wa Mfalme Aliyeanzia Dukani

Tunapozungumza habari za vyama vya ushirika huwa tunataja hisa, mizani, mikopo na vitabu vya hesabu. Mara chache tunakumbuka kwamba kuna nchi jirani ambako safari ya kudai uhuru ilipitia kwenye chama cha ushirika cha wafanyabiashara wadogo. Nchi hiyo ni Burundi, na aliyekianzisha chama hicho ni Louis Rwagasore.

Rwagasore alizaliwa Gitega mwaka 1932. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne, mfalme wa Burundi. Wakati huo Burundi na Rwanda ziliunganishwa kwa jina la Ruanda-Urundi na kutawaliwa na Ubelgiji. Kijana huyo alisoma katika shule za Kanisa Katoliki, ikiwemo ile maarufu ya Astrida (baadaye Butare, nchini Rwanda), kisha akapelekwa Ubelgiji kuendelea na masomo. Mtu wa ukoo kama wake aliporudi nyumbani alitazamiwa kupewa eneo la kutawala, apokee heshima na atulie.

Yeye hakutulia. Mwaka 1957 alianzisha chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Usumbura, mji tunaouita Bujumbura leo. Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, inabidi tujue biashara ya mji huo ilivyokuwa. Bidhaa kutoka nje na maduka makubwa vilikuwa mikononi mwa Wazungu, Wagiriki wakiwa wengi, pamoja na Waasia na Waarabu. Mwafrika aliuza rejareja, kwa mtaji mdogo, na kupata mkopo kulikuwa shida kubwa. Wazo la ushirika lilikuwa rahisi: wadogo waunganishe fedha zao, wanunue kwa jumla, na wakiomba mkopo waombe kwa sauti moja.

Wengi waliomwelewa haraka walikuwa watu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, wengi wao Waislamu na wachuuzi, ambao Kiswahili chao ndicho kilichokuwa lugha ya soko. Hawa hawakuwa na nafasi katika utaratibu wa machifu wa vijijini, na serikali ya kikoloni iliwatazama kwa mashaka. Mwana wa Mwami, aliyelelewa katika Ukatoliki, akaketi nao kupanga bei na madeni. Sisi tunaofanya kazi za maendeleo tunajua kwamba uaminifu wa namna hiyo haupatikani kwa hotuba.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Chama kile hakikufanikiwa kama biashara. Usimamizi wa fedha ulikuwa dhaifu, madeni yakalimbikizana, na wakoloni, ambao tangu mwanzo hawakukipenda, hawakuwa na haraka ya kukiokoa. Wako wanaosimulia habari za Rwagasore kana kwamba kila alichogusa kilistawi. Sivyo. Kilichobaki baada ya duka kuyumba ni mtandao wa watu waliokwisha kuzoea kukutana, kuchanga na kuaminiana. Mtandao huo ndio uliosaidia kukijenga chama cha siasa cha UPRONA, ambacho kilipata pia moyo na msaada kutoka kwa Mwalimu Nyerere na TANU, ng'ambo ya mpaka.

UPRONA ilidai uhuru wa haraka chini ya ufalme wenye katiba, nayo iliwakusanya Wahutu, Watutsi na Waganwa (watu wa ukoo wa kifalme) pamoja. Rwagasore mwenyewe, Mganwa, alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, binti wa Kihutu. Ubelgiji uliona afadhali chama cha PDC, kilichokuwa tayari kwenda polepole. Viongozi wake wakuu walikuwa wana wa chifu Baranyanka, wa tawi la ukoo wa kifalme lililoshindana na tawi la Mwami. Kwa hiyo chini ya ugomvi wa vyama ulikuwapo ugomvi wa koo, wa zamani zaidi.

Mwaka 1960 ilitolewa amri ya kuwazuia ndugu wa karibu wa Mwami wasishiriki siasa. Kila mtu alijua ilimlenga nani. Kabla ya uchaguzi wa wilaya wa Novemba mwaka huo Rwagasore aliwekwa kizuizini, na PDC ikashinda. Lakini Umoja wa Mataifa ulisimamia uchaguzi wa bunge wa tarehe 18 Septemba 1961, na hapo UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Katika hotuba yake ya ushindi Rwagasore hakuwatukana walioshindwa. Aliwataka wananchi waihukumu serikali yake kwa matendo.

Matendo hayo hayakupata nafasi. Alikuwa Waziri Mkuu kwa muda wa wiki mbili hivi. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961, akiwa anakula chakula katika Hoteli Tanganyika karibu na ziwa, alipigwa risasi akafa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Muuaji, Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis, alinyongwa au kupigwa risasi kama wengine wanavyosimulia tofauti. Lililo hakika ni kwamba aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja tu kabla ya uhuru. Viongozi wa PDC waliopatikana na hatia ya kupanga mauaji walihukumiwa upya baada ya uhuru, na watu watano wakanyongwa hadharani Gitega mwezi Januari 1963. Swali la mkono wa maofisa wa Ubelgiji halijafungwa; mwaka 2018 serikali ya Burundi iliishutumu Ubelgiji waziwazi.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye somo gumu. UPRONA, kama ule ushirika, ilimtegemea mno mtu mmoja. Alipoondoka, shemeji yake André Muhirwa alishika uwaziri mkuu, naye Paul Mirerekano, Mhutu aliyekuwa mshirika wa karibu wa marehemu, akadai uongozi wa chama ni wake. Mgogoro wao ukachukua sura ya Uhutu na Ututsi. Pierre Ngendandumwe, aliyekuwa katika serikali ya Rwagasore, aliuawa Januari 1965 akiwa Waziri Mkuu. Mwaka huohuo Mirerekano naye aliuawa. Kisha yakaja mauaji makubwa ya 1972, na Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye akauawa baada ya miezi mitatu madarakani, na vita vikafuata. Mwalimu Nyerere, yule rafiki wa zamani, alisuluhisha mazungumzo ya Arusha hadi kifo chake mwaka 1999. Mkataba ulitiwa sahihi Agosti 2000 chini ya usuluhishi wa Nelson Mandela.

Kaburi la Rwagasore liko juu ya kilima Bujumbura, na tarehe 13 Oktoba ni siku ya mapumziko nchini kote. Noti ya faranga 10,000 imewahi kuchapishwa ikiwa na picha yake pamoja na ya Ndadaye, Mganwa na Mhutu, wote wawili waliouawa kabla ya kazi yao kuanza vizuri. Ndiyo noti waliyobadilishana wachuuzi wa Buyenzi.