Mzee Anaposhindwa Kutembea: Ifahamu Tiba ya Mgongo kwa Tundu Dogo

Katika kata zetu wapo wazee walioacha kwenda shambani, sokoni na hata kwenye nyumba za ibada kwa sababu miguu huwagomea njiani. Hutembea mwendo mfupi, kisha miguu huanza kuuma, kufa ganzi na kuwa mizito. Wakikaa au kuinama kidogo, maumivu hutulia, nao huendelea na safari hadi yanaporudi tena. Wengi huambiwa kuwa huo ni uzee tu, na wengine hudhani wamerogwa. Mara nyingi dalili za namna hii zina chanzo kinachojulikana na chenye tiba, nacho ni kusinyaa kwa mfereji wa uti wa mgongo.

Pingili za mgongo zimepangana zikiacha mfereji unaopitisha mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Kadiri umri unavyosonga, diski zilizo kati ya pingili hupungua kimo, viungio huota mifupa ya ziada, na kano huongezeka unene. Hapo mfereji husinyaa na mishipa hubanwa. Mtu anaposimama wima mfereji hubana zaidi, na anapoinama hupanuka kidogo. Ndiyo maana mzee anayeshindwa kutembea mita 100 huweza kuendesha baiskeli bila taabu, na hupanda kilima kwa nafuu kuliko anapoteremka.

Si kila mwenye dalili hizi anahitaji kupasuliwa. Tiba huanza kwa mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo chini ya mtaalamu wa mazoezi tiba, pamoja na dawa za maumivu zilizoandikwa na daktari. Wananchi wanakumbushwa kutonunua dawa kama diklofenaki dukani na kuzitumia kwa miezi mingi. Kwa mzee, dawa hizo huweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu.

Upasuaji hufikiriwa pale maumivu yanapoendelea licha ya tiba hiyo, na picha ya MRI inapothibitisha mahali palipobanwa. Katika upasuaji wa kawaida, mgongo hufunguliwa kwa mkato mrefu na misuli hubanduliwa kutoka kwenye mifupa. Katika upasuaji wa tundu dogo, daktari hukata sehemu ya takriban sentimita 2, hupitisha bomba jembamba linalosogeza misuli pembeni, kisha kwa msaada wa darubini au kamera ndogo huondoa mfupa na kano vinavyobana mishipa. Damu inayopotea ni kidogo, maumivu ya kidonda hupungua, na wagonjwa wengi husimama na kutembea siku hiyohiyo au siku inayofuata. Kwa mzee hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa kulala kitandani muda mrefu hudhoofisha misuli na huweza kusababisha damu kuganda miguuni.

Tuchukue mfano wa bibi mwenye miaka 74, kisukari na shinikizo la damu. Umri wake peke yake haumzuii kupasuliwa. Madaktari hupima kwanza moyo, mapafu, figo na kiwango cha sukari, ndipo huamua. Familia yake nayo inapaswa kutaja dawa zote anazotumia, zikiwemo aspirini na dawa za asili. Ni vema ifahamu pia kuwa upasuaji huu hulenga zaidi maumivu ya miguu, hivyo maumivu ya mgongo wenyewe yanaweza kubaki. Hatari za maambukizi, kuvuja kwa maji ya uti wa mgongo na kuumia kwa mishipa ya fahamu zipo, ingawa si za kila mgonjwa. Mwenye pingili zilizoteleza sana huweza kuhitaji upasuaji wa aina nyingine.

Zipo dalili zisizosubiri: kushindwa kuzuia au kutoa haja, ganzi sehemu za siri na makalio, au miguu kulegea ghafla. Mgonjwa huyo afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa au kupungua uzito nayo yachunguzwe mapema, kwani kifua kikuu na saratani huweza kushambulia pingili.

Safari ya matibabu huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya na hospitali ya rufaa ya mkoa. Kutoka hapo mgonjwa huweza kupewa rufaa kwenda kwa mabingwa, wakiwemo wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Barua ya rufaa ni muhimu katika kila hatua.

Mzee mwenye miaka 60 au zaidi asiye na uwezo anastahili msamaha wa gharama katika vituo vya umma. Aanzie kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, kisha afike Ofisi ya Ustawi wa Jamii. Mwenye bima ya afya aulize mapema iwapo MRI na upasuaji vinagharamiwa. Familia zinashauriwa kukamilisha hatua hizi kabla ya kuuza shamba au mifugo kwa ajili ya matibabu.