Mzee Arudi Darasani na Gitaa Lake

Leo twataka kuzungumza na wale waliojifunza kupiga gitaa wenyewe, bila mwalimu, na sasa wamekuwa watu wazima. Nasi tu miongoni mwao.

Wengi wetu tulijifunza kwa kutega sikio. Tulisikiliza santuri na redio, tukawafuatisha mafundi kama Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye wimbo wake "Masanga" ulirekodiwa mwaka 1952, na George Mukabi wa Magharibi ya Kenya, aliyefariki mwaka 1963. Kidole gumba kilipiga nyuzi nene, cha shahada kikapiga nyembamba. Vidole viwili tu, lakini ungedhani wapigaji ni wawili. Hiyo ndiyo shule yetu, wala hatuionei haya.

Lakini shule hiyo ilikuwa na pengo. Tulijua mishiko mitatu, G, C na D, na kwa mishiko hiyo tuliongoza nyimbo kanisani miaka mingi. Siku moja mama mmoja alitujia baada ya ibada, akasema kwa upole, "Baba, nyimbo zako unazianzia juu mno. Sisi wenye sauti nzito twanyamaza tu."

Maneno hayo yalituchoma. Tulidhani twawasaidia watu kuimba. Kumbe kusanyiko zima liliimba pale tu vidole vyetu vilipoweza kufika, na wasioweza walifunga vinywa.

Basi tulitafuta mwalimu. Tuliyempata ni kijana wa rika la watoto wetu, na twaungama kwamba siku ya kwanza tuliona aibu. Yeye hakuanza kwa kutusahihisha. Alisema, "Mzee, nipigie kwanza wimbo unaoupenda." Akasikiliza mpaka mwisho. Ndipo akatuonyesha kwamba kifundo cha mkono tulikikunja mno, na kwamba tuliharakisha kila tulipofika mahali pepesi.

Kisha akatueleza jambo ambalo wanakwaya walijua zamani: do yaweza kuwekwa po pote. Wimbo ambao do ni G hutumia G, C na D. Ukiushusha hadi F, mishiko huwa F, B flati na C, na kila mwimbaji apata nafuu ya sauti moja nzima. Mshiko wa F hutaka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita. Kwa vidole vya umri wetu hiyo ni kazi. Lakini iko njia nyingine. Funga kile kibano cha shingo ya gitaa kwenye nafasi ya tatu, kisha ushike D, G na A. Sauti zitakazotoka ni F, B flati na C zile zile.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Kujifunza mshiko mpya si kugumu kama kuacha wa zamani. Kwa hiyo twafanya mazoezi dakika 15 kila siku, pole pole, wala hatungoji Jumamosi kukaa saa mbili. Na vile vidole viwili vya zamani hatukuviacha. Mwalimu mwenyewe alituomba tumfundishe.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, twasoma habari za Apolo. Alikuwa msemaji hodari, mwenye bidii, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza kwa usahihi zaidi. Naye, pamoja na sifa zake zote, alikubali kufundishwa na washona hema. Baadaye alivuka kwenda Akaya, akawa msaada mkubwa kwa waamini. Hakufundishwa kwa faida yake peke yake.

Ndugu msikilizaji, labda kwako si gitaa. Labda ni cherehani, shamba, au kusoma. Usiulize tu, "Mimi naweza nini?" Uliza pia, "Ni nani anyamazaye kwa sababu ya nisichokijua?"

Siku hizi kabla ya ibada twamwendea yule mama na kumwuliza, "Mama, leo do tuiweke wapi?" Yeye huanza kwa sauti yake, nasi twamfuata.

Bwana atujalie moyo wa kufundishika. Kwa herini.