Fedha ya Msimu na Mkeka wa Kubashiri



Mkulima wa Mbulu na Hanang hana mshahara. Maharage, mbaazi, ngano, alizeti na vitunguu saumu humlipa mara moja au mbili kwa mwaka, na fedha hiyo ndiyo itakayonunua mbegu, chakula cha miezi ya uhaba na sare za watoto. Karani wa mjini aliyepoteza mshahara wa Machi ataupata wa Aprili. Mkulima aliyepoteza fedha ya mbaazi mwezi Oktoba hana cha kungoja ila mavuno mengine, ilhali mvua za kupandia zimekaribia. Kwa sababu hiyo yafaa tuueleze mchezo wa kubashiri kwa kipimo cha msimu.

Michezo ya kubahatisha si migeni nchini. Mwaka 1974 ilitungwa sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa, na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ikaunda Bodi inayotoa leseni na kuzisimamia kampuni. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kilichobadilika ni kasi. Zamani mtu alinunua tikiti akangoja siku ya droo. Leo hubashiri kwa simu ile ile ipokeayo malipo ya mazao yake, hata usiku wa manane, na akikosa aweza kujaribu tena kabla ya dakika tano kupita.

Sasa tuitazame hesabu. Chukua pambano ambalo pande mbili zina nguvu sawa, na sare haihesabiwi. Mtu mmoja anaweka shilingi 1,000 upande huu, mwingine 1,000 upande ule. Kampuni imepokea 2,000. Tuseme aliyepatia analipwa 1,900. Shilingi 100 imebaki kwa kampuni, yaani 5 katika kila 100 iliyowekwa. Ni kidogo, na ndiyo maana haiwashtui watu.

Lakini vijana wetu hawabashiri pambano moja. Hutandika mkeka wa mapambano kumi, yote yapatiwe, la sivyo mkeka umechanika. Mapambano kumi ya namna ile yaweza kumalizika kwa njia 1,024. Watu 1,024 wakiweka kila mmoja mkeka wake tofauti wa shilingi 1,000, kampuni yapokea 1,024,000. Mmoja tu ndiye atakayepatia, naye atalipwa kiasi cha 613,000. Zilizosalia, 411,000, ni za kampuni. Ile 5 katika 100 imekuwa 40 katika 100. Mshindi atasimuliwa kijiji kizima. Wale 1,023 hawasimuliwi na mtu.

Hasara inapoingia ndipo hatari kubwa huanza, maana aliyepoteza hutaka kuzirudisha zilizopotea. Wako wanaoamini kwamba ukiongeza maradufu kila unapokosa, siku utakayopatia utarudishiwa zote. Hebu tuhesabu. Aanze na 1,000, kisha 2,000, kisha 4,000, akose mara saba mfululizo, ameweka 127,000. Mara ya nane aweke 128,000, na apatie. Kwa malipo yale yale atapokea 243,200, ilhali jumla aliyoweka ni 255,000. Ameshinda, na bado amepungukiwa na shilingi 11,800! Wala kukosa mara saba hakuongezi nafasi ya kupatia mara ya nane. Mpira haukumbuki mikeka ya jana.

Mtu mzima asiyetaka kuacha kabisa hapana budi ajiwekee kikomo kabla ya kucheza, wala si baada ya kukosa. Tuseme amepokea 1,800,000 kwa vitunguu saumu vyake. Kwanza aondoe mbegu, mbolea, chakula, ada na rejesho la mkopo. Ikiwa zimebaki 200,000 za miezi kumi, basi ana 20,000 kwa mwezi kwa mahitaji mengine yote, na ya kujiburudisha haifai izidi 5,000. Zikiisha, zimeisha mpaka mwezi mwingine. Na akishinda, ushindi usiongezwe katika kikomo. Mkeka wa 1,000 kila siku huonekana mdogo, lakini kwa mwaka ni 365,000, zaidi ya moja ya tano ya mauzo yale. Fedha ya mazao isikae katika laini ya simu anayochezea; iwekwe akiba katika chama cha akiba na mikopo, na mwenzi wake ajue kiasi chake. Mfugaji wa Basotu akiwa na shida huuza dume, mtamba humbakiza azae. Fedha ya mbegu ndiyo mtamba wa mkulima.

Aliyekwisha kupoteza nyingi aanze kwa kuandika, kutokana na ujumbe wa simu yake, jumla aliyoweka na jumla aliyopokea. Watu wengi hawajapata kuziona tarakimu hizi pamoja. Kisha amweleze mwenzi wake, aiombe kampuni imfungie akaunti, na akope popote ila si ile mikopo ya kausha damu. Bora zaidi asikope. Ikiwa ana mkopo wa chama, aende kwa katibu kabla ya tarehe ya rejesho, si baada yake, maana mkopo uliozungumzwa mapema hupangika. Anayeshindwa kuacha ingawa ataka, anayedanganya nyumbani na kukosa usingizi, huenda ni mgonjwa: Shirika la Afya Duniani huihesabu hali hii kuwa ugonjwa. Aende kituo cha afya kama aendavyo kwa malaria. Anayesema afadhali afe asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Limebaki jambo la fedha za vyama. Mweka hazina anayesema ataazima leo na kurudisha Jumapili baada ya mechi, ameiba, hata akirudisha. Kamati zikague daftari na fedha taslimu bila kutoa taarifa, hasa katika siku za malipo ya mazao, na fedha zifikishwe benki siku ile ile. Pale benki ilipo mbali, waende watu wawili, na stakabadhi ya benki ionyeshwe katika kikao kinachofuata.