Kompresa ya Gitaa: Kifaa Kinachopaza Zaidi Penye Ukimya

Miongoni mwa pedali zinazowekwa kati ya gitaa la umeme na amplifaya, kompresa ndiyo inayohukumiwa vibaya zaidi mezani kwa fundi, kwa sababu kazi yake njema haisikiki waziwazi na baadhi ya tabia zake za kawaida hufanana na ubovu. Inaweza kuwa mbovu kwa miaka huku mpigaji akizilaumu nyuzi zake, au ikawa nzima kabisa na bado ikafunguliwa kwa sababu tu inavuma gitaa linaponyamaza.

Uvumi huo si ugonjwa, na chanzo chake huonekana vyema katika Dyna Comp, pedali ya miaka ya 1970 iliyotengenezwa na MXR, kampuni iliyoanzishwa Rochester, jimbo la New York, na Keith Barr na Terry Sherwood. Saketi yake imenakiliwa na watengenezaji wengi mno, hivi kwamba aliyeielewa hiyo moja amekwisha kuelewa nyingi. Kiini chake ni chipu ya CA3080 ya kampuni ya RCA, ambayo nguvu yake ya kukuza sauti hutegemea mkondo mdogo wa umeme unaoingia katika mguu wake wa 5: mkondo ukiongezeka, sauti hukuzwa zaidi, na ukipungua, sauti hudidimia.

Mkondo huo huamriwa na kapasita moja ya mikrofaradi 10, yaani kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji, na hapa ndipo penye ajabu ya kifaa chote. Kapasita hiyo hufanana na tangi linalojazwa kwa bomba jembamba na kufunguliwa kwa koki kubwa: hujazwa polepole kupitia rezista ya omu 150,000, na kila mpigo mzito wa uzi huziamsha transista mbili ambazo huimwaga chaji yake kwa ghafla. Kwa hiyo penye ukimya tangi hujaa na chipu hupaza kwa nguvu zake zote, ikiwa ni pamoja na kupaza uvumi wa saketi yenyewe. Mpigo unapokuja, chaji hushuka na sauti hubanwa, kisha noti inapofifia chaji hurudi kidogo kidogo na kuibeba noti isife mapema. Omu 150,000 zikizidishwa kwa mikrofaradi 10 hutoa sekunde 1.5, nao huo ndio mwendo wa kurejea kwa nguvu ambao wapigaji husema ni kupumua kwa pedali.

Fundi aliyeshika jambo hilo hahitaji kubahatisha. Gitaa likiwa kimya na betri ikiwa mpya, volti za kapasita hiyo zinapaswa kukaribia 9. Zikiwa chini sana, ama kapasita inavujisha chaji au mojawapo ya transista mbili imeharibika, na mguu mmoja wa kapasita ukiondolewa kwenye lehemu kisha volti zikapanda katika makutano hayo, mkosaji amejulikana. Kapasita iliyokauka huleta dalili nyingine, kwani haiwezi tena kushikilia chaji, na chipu hufuata kila wimbi la uzi mnene hata sauti ikawa na mikwaruzo. Vipimo hivyo vyahitaji mita ya kidijitali, maana mita ya mshale yenye omu 20,000 kwa kila volti, ikiwekwa kwenye kipimo cha volti 10, hunyonya chaji kupitia rezista ile ile na kuonyesha takriban volti 5 mahali palipo na 9. Kapasita nzima zimetupwa kwa ushahidi huo wa uongo.

Kinachosikitisha zaidi ni haraka ya kung'oa chipu. CA3080 haitengenezwi tena, bandia zake zimetapakaa sokoni, na ingawa nusu ya chipu ya LM13700 huweza kushika nafasi yake, miguu yake 16 haiingii katika matundu 8. Kuiunguza chipu nzima kwa joto la kulehemu kwa sababu ya kapasita ya bei ndogo ni ufujaji usio na udhuru. Vipuri vingine vyote ni vile vile vilivyomo ndani ya redio, na mafundi wa redio wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Barabara ya Luthuli, Nairobi, wanavifahamu barabara. Ni makosa kuamini kwamba pedali haina tiba huku Afrika Mashariki na kuiacha iozee kabatini.

Hitilafu nyingine ni za kawaida: soketi iliyolegea, swichi ya mguu iliyochakaa, adapta yenye ncha zilizogeuzwa, au betri iliyokwisha kwa sababu plagi ya gitaa, ambayo ndiyo inayowasha umeme, ilisahauliwa ndani usiku kucha.

Ikishapona, pedali hurefusha noti za solo, husawazisha nyuzi zinazodonolewa kwa vidole, hutuliza besi, na huneemesha upigaji wa kuteleza kwa kichupa.