Pikipiki Ikisita Ukivuta Resi, Anza na Kabureta

Wenye pikipiki kubwa za zamani za pistoni moja, kama Suzuki DR650, mara nyingi naulizwa hili: ukivuta resi injini inasita, inakohoa, ndipo inaitika. Ukiwa mlimani na kreti za nyanya, kusita huko kunaweza kukuangusha.

Usikimbilie kununua kabureta mpya. Mara nyingi hewa imezidi petroli. Kagua hivi:

1. Jeti ndogo ya sailensa. Petroli iliyolala miezi huacha utando. Safisha kwa dawa ya kabureta na upepo. Usichokonoe kwa waya, utapanua tundu.

2. Mpira unaounga kabureta na injini. Injini ikiwa bado baridi na inanguruma taratibu, nyunyizia maji kidogo kwenye mpira. Mngurumo ukibadilika, hapo panavuta hewa.

3. Kiwambo cha mpira ndani ya kabureta, chini ya mfuniko wa juu. Kimulike kwa tochi. Kikitoboka, resi haipandi vizuri, badilisha.

Fanyeni kabla ya mavuno. Nyanya zilizoiva hazisubiri fundi.