Je, Wajua? Ghorofa Hupimwa Kuanzia Chini

Je, wajua kwamba jengo la mikutano la KICC jijini Nairobi, lililokamilika mwaka 1973, lina urefu wa mita 105 tu? Britam Tower ya mwaka 2017, jijini humo humo, inafika mita 200. Lakini toa noti yoyote ya Kenya iliyozinduliwa mwaka 2019 uitazame: jengo lililochorwa pale ni KICC. Wasanifu Karl Henrik Nøstvik wa Norwei na David Mutiso walisimamisha mnara wa duara, wakaweka kando yake ukumbi wenye paa la msonge. Umbo hilo hata mtoto anaweza kulichora kwa kijiti mchangani.

Je, wajua kwamba jengo la Equitable la New York lilipokamilika mwaka 1915, ghorofa zake 38 zilipanda wima kama ukuta na kutandaza kivuli cha ekari 7? Mwaka uliofuata jiji lilitunga sheria ya kuyataka majengo marefu yarudi nyuma kadiri yanavyopanda, ili jua lifike barabarani. Ndiyo maana minara mingi ya zamani ya huko ina mabega kama ngazi.

London, 2013: kioo kilichobonyea cha jengo la 20 Fenchurch Street kilikusanya miale ya jua na kuyeyusha sehemu za gari lililoegeshwa chini.

Je, wajua kwamba Eastgate ya Harare, kazi ya msanifu Mick Pearce ya mwaka 1996, ina ghorofa 9 tu na haitegemei viyoyozi kama majengo mengine? Kuta zake nzito hunyonya joto la mchana, na usiku hewa baridi hupitishwa ndani kuliondoa. Mchwa, kwa vichuguu vyao, walimfundisha mengi msanifu huyo. Kwangu mimi, hakuna mnara wa vioo unaoifikia.

Na hili ndilo linalonigusa zaidi. Mwaka 1961 New York iliamua kumzawadia nafasi zaidi ya kujenga kila aliyeacha uwanja wazi mbele ya jengo lake. Viwanja vikapatikana, watu wakapita bila kutua. Mtafiti William H. Whyte akaenda na kamera, akatazama siku baada ya siku, akagundua jambo ambalo bibi yeyote wa Mji Mkongwe, Zanzibar, angemwambia bure: watu hukaa palipo na pa kukaa. Mwaka 1975 kanuni zikabadilishwa, viti vikawa lazima. Mji Mkongwe una baraza za mawe milangoni tangu enzi za mababu.

Wiki iliyopita, saa saba mchana, nilipita Posta, Dar es Salaam, mbele ya jengo jipya la vioo. Ngazi za marumaru zilifungwa mnyororo ili mtu asikae. Muuza karanga alikuwa ng'ambo ya barabara, amegeuza ndoo yake kuwa kiti chini ya mwarobaini.