Sura ya Sita: Deiwaka kwenye Usukani

Umenunua kompyuta ya mtumba Kariakoo, fundi ameipiga Windows upya mbele ya macho yako, ikawaka vizuri. Umefika nyumbani mambo yamegeuka. Ukivuta dirisha linajikokota, video ya YouTube inakatakata, feni inavuma, na maandishi yamevimba kama gazeti lililolowa. Wengi wakifika hapo huilaumu RAM na kurudi dukani kununua nyingine. Kabla hujatoa hela, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Device Manager, halafu tazama palipoandikwa Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, ujue gari lako linaendeshwa na deiwaka.

Deiwaka, kwa asiyemjua, ni yule anayeshika daladala mwenyewe akienda kula. Gari analisogeza, ila halijui. Na draiva ya kompyuta ni neno lile lile lililotupa dereva, sema limeingia Kiswahili mara ya pili kwa mlango mwingine. Kadi ya grafiki haielewi ukiiambia “onyesha video hii”. Ina amri zake, na amri hizo hubadilika kutoka kizazi kimoja cha kadi hadi kingine, hata ndani ya kampuni moja. Draiva ndiyo inayozijua. Ikikosekana, Windows hutumia ile ya akiba, inayoweza kupaka skrini rangi na si zaidi ya hapo. Kazi nzito ya kuchora na kufungua video inaiangukia prosesa, nayo kadi uliyoilipia imekaa kivulini.

Draiva inaweza kuleta tofauti kubwa kiasi gani? Oktoba 2022 Intel iliingiza sokoni kadi zake za Arc A750 na A770. Kwenye michezo mipya zilijitahidi. Kwenye ile ya zamani, iliyoandikwa kwa DirectX 9 (mfumo wa Windows ambao michezo hupitishia amri zake za michoro), zilitia aibu, kwa sababu draiva ilikuwa inatafsiri kwanza kila amri kwenda DirectX 12 ndipo ifikishwe kwenye kadi. Desemba mwaka huo huo ikatoka draiva mpya, na Intel ikatangaza kwamba Counter-Strike: Global Offensive imepanda kasi hadi mara 1.8. Kadi ni ile ile. Hakuna aliyeshika bisibisi.

Lakini usikimbilie kusasisha kila toleo linapotoka. Machi 2010 NVIDIA ilitoa draiva namba 196.75, watu wakaipakua kwa shauku, kumbe ilikuwa inavuruga feni za kadi. Kadi zikapata joto kupita kiasi na kampuni ikalazimika kuiondoa. Miaka mitatu kabla, Windows Vista ilipokuwa mpya, draiva za NVIDIA pekee zilihusishwa na karibu asilimia 29 ya matukio ya Vista kuanguka yaliyorekodiwa na Microsoft. Takwimu hizo zilijulikana baadaye kupitia kesi mahakamani Marekani. Kwa hiyo mimi husasisha nikiwa na sababu: mchezo mpya unagoma, programu ya kuhariri video inalalamika, au skrini inakuwa nyeusi kidogo kisha inarudi. Hiyo ya mwisho ina maelezo yake. Windows huisubiri kadi sekunde 2 tu; isipojibu, inaiwasha draiva upya.

Draiva ichukue kwa mwenyewe. Kwa laptop, anza na tovuti ya aliyeitengeneza, awe HP, Dell au Lenovo. Kwa kompyuta ya mezani, nenda NVIDIA, AMD au Intel. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakusasishia draiva zote kwa mbofyo mmoja, achana nazo. Nyingi zinatafuta hela yako, na nyingine huja na wageni usiowaalika. Faili lenyewe ni mamia ya megabaiti, basi lipakue ukiwa kwenye Wi-Fi au kwa bando la usiku. Baada ya kulisakinisha, zima uwashe. Mambo yakiharibika, rudi Device Manager, bofya kadi yako mara mbili, kisha kwenye ukurasa wa Driver chagua Roll Back Driver. Ile ya zamani itarudi.

Kuna kadi ambazo hazitapata kipya tena. Kadi za NVIDIA za kizazi cha Kepler, mathalani GeForce GTX 680, zilikatiwa draiva za michezo mwaka 2021, na nyingi bado zinauzwa mtaani kama mali. Kabla ya kununua, muulize muuzaji namba kamili ya kadi, uitafute mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni.

Na kama draiva ni sahihi lakini kompyuta bado nzito, fungua Task Manager uangalie safu ya Disk. Ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 huku hujafungua kitu, iache kadi ya grafiki, haina kosa. Sura inayofuata, ya diski, ndiyo yako.